Blanketi la Kuvikia Ukuta

Ketrina alikuwa anatetemeka kwa homa ya kifua, na blanketi mle ndani lilikuwa moja tu, la kijivu, ambalo mumewe Zebedayo alilivusha kutoka Zambia. Mgambo wakaja asubuhi kulichukua. Hata hodi hawakupiga.

Sababu ilikuwa hotuba. Gwakisa, katibu wa kijiji, alitaka kusikika redioni akieleza Mbozi inavyosonga mbele tangu watu wahamishiwe vijijini. Fundi akaletwa na kinasa sauti, akakitega kwenye ghala la kahawa, maana nje upepo wa Juni ulikuwa unavuruga kila kitu. Lakini ghala lilikuwa tupu: kuta za saruji, juu bati. Katibu akisema neno, linarudi matatu, kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa. Fundi akasema kuta zivikwe vitu laini vya kumeza mwangwi. Magunia yalikwisha ondoka na kahawa, basi yakakusanywa mablanketi ya wananchi. La katibu mwenyewe halikuonekana.

Zebedayo akalifuata lake, akaeleza hali ya mgonjwa. Akaambiwa hotuba ni fupi, avumilie. Mara misumari ya kutundikia ikaisha, na ukuta wa nyuma ya katibu ulikuwa bado mtupu.

"Baba Osea, si umekuja mwenyewe?" Katibu akamwambia Zebedayo. " Lishike wewe. Tukimaliza unaondoka nalo."

Watu wakacheka. Akapanda juu ya benchi, akalitandaza kwa mikono miwili. Lilikuwa bado linanuka jasho la Ketrina. Katibu akakosea, akarudia. Akakwama, akarudia. Mikono ya Zebedayo ikafa ganzi. Kila iliposhuka kidogo, fundi alinyoosha kidole, na mgambo akamdunga rungu mbavuni.

Katibu alikuwa amefika pale pa wananchi kuwa na afya njema, ndipo Leah, jirani yao, akatokea mlangoni. Mgambo akamziba mdomo kabla hajalia. Leah akaweka mikono kichwani, akabaki hivyo.

Zebedayo akaelewa. Mikono yake haikushuka. Aliona akiiachia tu, wataanza upya, naye hatatoka humo.

Hotuba ikaisha. Fundi akasema safi, mwangwi hakuna hata chembe, ila mwishoni kuna mtu amevuta kamasi.

"Basi tunarudia," Katibu akasema.

Zebedayo akamwambia kwamba mke wake amefariki. Katibu akavua kofia, akaivaa tena.

"Pole sana, ndugu. Nenda kazike. Blanketi liache kwanza, marehemu hasikii baridi."

Zebedayo akamkabidhi mgambo ncha zote mbili, akashuka. Hakumtukana mtu. Alipofika njiani sauti ya Katibu ilikwisha anza tena, tulivu, haigongi popote.

Nyumbani Ketrina alifunikwa kitenge cha Leah. Kilikuwa kifupi, miguu ikabaki nje.