Mlango wa Somo la Tisa

Kila Jumanne saa tatu asubuhi, mkaguzi wa barua wa gereza la wanawake alifungua mfuko wa posta, akamimina bahasha mezani na kuvaa miwani yake. Alikuwa na rula ya chuma, wembe, na orodha ya kanuni iliyobandikwa ukutani. Kanuni ya kumi na nne ilikataza mfungwa kupokea picha ya mlango, dirisha, ngazi au ufunguo. Mkaguzi aliyemtangulia alikuwa akichana tu. Huyu aliiheshimu kazi yake: alipima, akapiga mstari kwa penseli, ndipo akakata, na hakuwahi kuacha pembe iliyopinda.

Siku hizi wembe wake ulifanya kazi zaidi kwenye bahasha za mfungwa mmoja, aliyekuwa akisoma useremala kwa njia ya posta. Wenzake bwenini walimwita Fundi, mwanzoni kwa kumcheka, maana siku aliyojiandikisha alikuwa hajawahi kushika hata nyundo. Kosa lake tuliache. Alihukumiwa miaka minane na alikaribia kumaliza mitano. Kinachotuhusu ni sheria ya kuachiliwa mapema, iliyosema kwamba mfungwa mwenye tabia njema na cheti cha ufundi anaweza kwenda nyumbani akishatimiza miaka mitano.

Fundi alikuwa na binti wa miaka saba, aliyelelewa na dada yake. Dada alikuwa ameandika: "Shemeji yako amehamishwa kikazi. Januari tunaondoka, na huko tunapewa chumba kimoja. Usipotoka kabla ya hapo, mtoto atakwenda kwenye makao ya watoto. Usinilaumu, mdogo wangu." Fundi hakumlaumu. Alichonga penseli akaendelea na zoezi.

Masomo yalikuwa kumi na mawili, na cheti kilitolewa mwanafunzi akishamaliza la tisa. La sita lilihusu madirisha, na lilimfikia likiwa na matundu manne ya mraba. Bwenini hapakuwa na meza, kwa hiyo Fundi alibandika karatasi ukutani kwa sabuni ya kufulia iliyolowekwa, ili asome amesimama. Upepo ukaingia. Akachungulia tundu la kwanza, akaona chumba chenye meza ndefu, kikombe cha chai, na bibi mmoja akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu.

Bibi aliinua kichwa. Alikuwa ndiye Mwalimu wa chuo cha posta, aliyechora masomo yote kwa mkono wake, na sasa ukuta wake ulikuwa na madirisha manne madogo.

"Wewe ndiye wa gerezani?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zoezi la tano umelichelewesha wiki mbili."

"Afande wa barua alikuwa likizo."

"Hilo la afande halinihusu. Lete."

Fundi akalikunja zoezi na kulipitisha kwenye tundu la chini. Mwalimu akalisahihisha papo hapo, akampa alama sabini, na kumwambia mistari yake inalegea kama nguo iliyoanikwa.

Jirani yake wa kitanda alilalamika kwamba baridi inampiga mgongoni, basi wakatundika shuka. Mkuu wa gereza alikuja na futi, akapima matundu, akaona hakuna kichwa kitakachopita, akaandika kwamba hayana madhara.

Somo la tisa lilikuwa la mlango. Mwalimu aliamini kwamba mlango haufundishiki kwa picha ya kiganja, kwa hiyo aliuchora kwa kipimo chake kamili na kuukunja mara nyingi mpaka ukaenea kwenye bahasha. Mkaguzi wa barua aliutandaza kwenye sakafu ya ofisi, akavua viatu, akakata asubuhi nzima akiwa amepiga magoti. Alitoa mlango wa mita mbili kwa sentimita tisini, akauviringisha na kuufungia kabatini. Karatasi iliyobaki pembezoni haikuwa na kosa. Kwa mujibu wa kanuni ilikuwa mali ya mfungwa, naye akaipeleka bwenini na kumtaka Fundi atie sahihi.

Iliwachukua wanawake wanne kuibandika, na sabuni ya wiki nzima ikaishia hapo. Pembe ya mwisho iliposhika, Fundi alipandisha sketi kidogo, akavuka, akatokea kwenye karakana ya Mwalimu. Mwalimu alimpa aproni na kumwonyesha mbao zilipo.

Kuanzia hapo Fundi alikwenda kila siku baada ya hesabu ya asubuhi na kurudi kabla ya hesabu ya jioni. Mkuu wa gereza aliletewa taarifa, akafungua kitabu. Mtoro, kilisema kitabu, ni mfungwa asiyeonekana wakati wa hesabu. Fundi alionekana kwenye kila hesabu, tena na vumbi la mbao kwenye nywele. Mkuu akafunga kitabu.

Aliyekosa subira ni jirani wa kitanda.

"We una wazimu? Umeshafika mtaani kwa miguu yako, halafu unarudi huku kula maharage yenye mawe?"

"Nikitokea hapa mimi ni mtoro. Mwanangu nitamlea uvunguni? Mimi nitatoka getini, saa nne asubuhi, cheti mkononi, na wao wenyewe ndio watakaonifungulia."

"Haya bwana. Basi kesho niletee mafuta ya nywele."

Mlango ulimchukua wiki tatu. Ubao wa kwanza wa kukingama aliukata mfupi kwa milimita tatu, na Mwalimu akamwambia aanze upya. Malengelenge yalimtoka, yakapasuka, yakawa sugu. Alipofunga bawaba ya mwisho, Mwalimu alichukua ukurasa wa daftari akaupitisha kati ya mlango na fremu, pande zote. Ulipita sawasawa juu, chini na ubavuni. Mwalimu hakumsifu, ila alimwandikia cheti na kumpikia chai yeye mwenyewe.

Bodi ya kuachiliwa mapema ilikaa mwezi wa Novemba. Chumba chake cha kikao hakikuwa na mlango, mchwa waliumaliza mwaka uliotangulia, na wajumbe watatu waliketi nyuma ya pazia. Fundi na jirani yake waliuingiza mlango pamoja na fremu yake, wakausimamisha katikati ya chumba. Mwenyekiti aliinuka, akaufungua na kuufunga mara tatu.

"Haukwaruzi hata kidogo," alisema, akarudi kwenye faili. "Nani kautengeneza?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Rejista ya barua inaonyesha somo la tisa lilikufikia bila mlango. Sasa utajuaje kitu ambacho sisi wenyewe tulikuzuia kukijua?"

"Nilikwenda kwa Mwalimu akanifundisha."

"Ulitoka gerezani?"

Mkuu wa gereza alisema hapana, hesabu zote zilikuwa kamili.

"Basi hukwenda," alisema mwenyekiti kwa upole. "Na kama ulikwenda, huko ni kutoroka, na kutoroka ni miaka miwili zaidi. Chagua mwenyewe tuandike lipi."

Fundi alishikwa na hasira mpaka masikio yakamwaka moto. Angeweza kusema aliukuta mlango umeegemezwa mahali, na faili lake likabaki safi.

"Andikeni mnachotaka. Mlango nimeutengeneza mimi. Leteni rula mpime."

Hakuna aliyeleta rula. Waliandika kwamba somo la tisa halikukamilika, kwamba cheti hakiwezi kutambuliwa, na kwamba mwombaji arudi baada ya miaka miwili. Kutoroka hawakukuandika, kwa sababu ingebidi waandike na jina la mkuu wa gereza. Kuhusu mlango, walikubaliana kwamba, kwa kuwa haukutengenezwa na mtu yeyote, ni mali ya serikali.

Fundi alilia jioni ile kwa sauti, na namba yake ilipoitwa kwenye hesabu aliitikia huku akilia. Kesho yake alinawa uso, akavuka, akamweleza Mwalimu kila kitu. Mwalimu alimsikiliza, kisha akauliza mtoto anavaa viatu namba ngapi.

Mwezi wa Desemba dada alimleta mtoto nyumbani kwa Mwalimu, na begi moja la nguo. Mchana mtoto alifanya kazi zake za shule kwenye meza ya kusahihishia, mama yake akipiga randa pembeni. Saa kumi na moja mama alivua aproni.

"Mama, kwa nini unarudi?"

"Kwa sababu wamekataa kunifungulia. Na mimi siwapi raha ya kusema nilikimbia."

Mtoto hakuridhika, na alimwambia hivyo. Mama yake akambusu, akapandisha sketi, akavuka.

Januari mwenyekiti alimwita Fundi kwenye chumba cha kikao. Mlango wa serikali ulikuwa umeegemezwa penye nafasi yake, ukiziba nusu ya njia. Gereza zima halikuwa na mtu wa kuufunga ukutani, maana somo la tisa lilikatazwa kwa wote.

"Ufunge," alisema mwenyekiti. "Bawaba zipo. Kwako hii ni kazi ya nusu saa."

"Mimi milango sijui, mheshimiwa. Soma faili."

Mwenyekiti alimgeukia askari na kumtaka amwamuru. Askari alifungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akapekua, akasoma kwa sauti kwamba ni marufuku kumpa mfungwa kazi ya ufundi asio na cheti chake. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Fundi aliomba ruhusa ya kuondoka, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na somo la kumi.

Mlango ulibaki pale pale ulipoegemezwa. Kikao kilichofuata wajumbe walijipenyeza ubavuni mwake mmoja mmoja, wakiwa wamebana matumbo, wakaketi, wakaanza kukataa maombi ya siku hiyo.