Samaki Wasiangukiwe na Jiwe

Mbuke aliyasugua mawe kwa brashi ya viatu, bila sabuni, kwa sababu sabuni huua samaki. Kila jiwe alilikamulia limao. Lililotoa povu, lenye chokaa, alilitupa uani, lililonyamaza alilirudisha kwenye beseni. Ndivyo alivyoelekezwa na Baba Nelly, tajiri wake, ambaye naye alielekezwa na muuza samaki wa Mwanza.

Tangi la kioo lilikuwa sebuleni, katika nyumba ya Baba Nelly mtaani Nyahanga, pembeni ya televisheni. Mawe yalitoka kwenye duara la Baba Nelly kule machimboni Geita, shimo lililofukia wachimbaji wakati wa mvua. Magesa, kaka yake Mbuke, alikuwa mmoja wao. Siku waokoaji walipoacha kufukua, Baba Nelly alisema wakiendelea gema lote la shimo litashuka. Akachagua mawe yenye sura nzuri, akayatia kwenye viroba, akaondoka nayo. Kwao Ushirombo mama yao alikuwa bado amelala mkekani, majirani wamemzunguka, maana hapakuwa na maiti ya kuzika wala neno la kuwaruhusu watu watawanyike.

"Kubwa lianze, likae kwenye kioo chenyewe," alisema Baba Nelly kutoka kwenye kochi. "Lilalie sponji, kioo kisipasuke. Mchanga baadaye. Samaki hawa wanachimba. Ukiliweka juu ya mchanga watalichimbua, liwaangukie."

"Sawa, baba."

"Litikise. Likicheza, toa, upange upya."

Mbuke alilaza jiwe bapa juu ya mawili mengine, akalitikisa. Halikucheza. Aliinama kutazama chini yake. Magesa alikuwa pale, urefu wa kidole, taa kichwani, amelibeba begani.

"Umenenepa," alisema Magesa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Yupo. Toka nikupeleke."

"Nikitoka linashuka. Wenzangu Adam na Donatus wako nyuma yangu. Tuombee matimba. Miti mifupi tu, tutaegemeza."

Katika nyumba ile Mbuke hakuwa amewahi kuomba kitu, hata ruhusa ya kwenda kanisani. Alisimama mbele ya kochi mpaka akaulizwa.

"Magesa anaomba matimba," alisema.

Baba Nelly aliweka simu chini, akaenda kuchuchumaa mbele ya tangi.

"Magesa."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hata kule duarani uliniomba miti."

"Nilikuomba."

"Mti unachafua maji. Samaki hawa ni dhaifu, watakufa." Alisukuma lile jiwe kwa kidole. "Mbona umelishika vizuri? Shikilia hapo hapo."

"Sawa, mzee."

Mbuke alimwaga mchanga kidogo kidogo, akimkwepa Magesa miguuni, kisha akajaza maji. Samaki walikaa pembeni kwanza. Baadaye wakazoea, wakawa wanapita katikati ya miguu ya Magesa na kurudi.

Jioni mama alipiga simu kuuliza habari za Magesa.

"Umempata?"

"Nimempata, mama."

"Amekufa?"

Mbuke alitazama kwenye kioo. Magesa alikuwa anahamisha jiwe kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, taratibu, ili lisicheze.

"Hapana. Yuko kazini."

"Kwa yule yule?"

"Kwa yule yule."

Nyuma ya mama majirani walisikika wakipakua chakula.

"Basi niwaruhusu watu," alisema. "Wana mashamba."