Unaiona, Shemeji?

Kuvuta faiba, waya wa intaneti upitishao mwanga, kwenye maofisi ya mjini haikuwa kazi ya mtu mmoja. Fundi akikaa upande huu wa waya akimulika kurunzi yake nyekundu ndani yake, shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, alikaa upande wa pili, pengine mtaa wa tatu, simu sikioni. Huyu anauliza, "Unaiona, shemeji?" Yule anajibu, "Naiona. Funga sanduku." Sanduku la waya likifungwa, kazi imekwisha. Na kabla mwanga haujafika walitaniana wee, fundi akisimangwa kwamba dada wa watu aliozeshwa kipofu asiyeona hata uzi wa kumulika.

Kisha kampuni ikanunua mashine inayopima waya mzima peke yake. Shemeji akastaafishwa kwa soda na makofi.

Utasema si ampigie tu? Alimpigia. Wakajuliana hali, hali zikaisha, wakabaki kusikilizana pumzi mpaka mmoja akasingizia ameacha chungu motoni. Wale hawakuwahi kuzungumza bila waya katikati yao. Hata msiba waliuongelea hivyo, mmoja kichwa darini, mwenziwe shimoni barabarani.

Siku hiyo fundi alikuwa ghorofa ya nne, kwa wakala wa mizigo. Wafanyakazi wamekaa mikono mapajani, mizigo ya watu haiendi, wote wanamngoja yeye. Naye akafanya jambo ambalo fundi mzima hafanyi. Uzi wa faiba ukiukunja sana, mwanga hupotelea njiani. Akaukunja, akaubana kwa kidole gumba nyuma ya sanduku, akapiga simu ofisini kwao: mwanga haufiki, leteni mtu upande wa pili, hata kibarua, hata yule mzee wa zamani. Aliona haya, lakini upweke hauna adabu.

Binti wa ofisini akamwomba asubiri, akatazama kompyuta yake.

"Baba, hakuna haja ya mtu," alisema kwa upole. "Huku inaonyesha tatizo liko hapo hapo ulipo."

Fundi akaachia kidole. Intaneti ikarudi, watu wakageukia kompyuta zao, asante hakuna. Akabaki amechuchumaa ukutani na bisibisi yake, hana wa kumwambia kwamba kazi imekwisha. Akatoa simu yake mwenyewe, akapiga, na bila hata salamu akauliza:

"Unaiona, shemeji?"

Kwa mbali maji yalikuwa yakichuruzika kwenye sufuria. Shemeji alikuwa jikoni kwake, hana waya, hana sanduku, mbele yake ukuta mtupu. Akafunga bomba, akavuta kiti, akakohoa kusafisha koo.

"Naiona," alisema. "Ila imefifia kidogo. Usifunge sanduku kwanza."