Mstari Mwekundu kwa Mzee Semboja

Kazi ya Loveness ilikuwa kuwaambia watu mto utafika wapi ukikasirika. Wateja wa ofisi yao ya upimaji pale Handeni walikuwa watu wenye viwanja kando ya mito na hamu kubwa ya kujenga. Alipima mwinuko wa ardhi, akatafuta takataka zilizonasa kwenye matawi tangu mvua za zamani, akaingiza yote kwenye kompyuta, kisha akapaka mstari mwekundu mahali maji yatakapofika. Mteja akiuona mstari huo hukasirika, hutukana kidogo, halafu huhamisha nyumba. Ndivyo wafanyavyo watu wenye akili.

Shida ilianza mteja alipokuwa babu yake.

Mzee Semboja alikuwa anajenga gesti Korogwe, ukingoni kabisa mwa mto Pangani, na chumba cha nyuma alikitenga akae yeye na mkewe, bibi Lea. Sasa, babu na mjukuu ni watani, hilo halina mjadala, lakini hawa wawili walipitiliza. Tangu Loveness azaliwe babu alimwita mke wangu, wala hakuwahi kuzungumza naye neno la maana hata moja. Siku ya kumzika baba yake Loveness, mzee alimwambia afute machozi, mjane ni mama yake, yeye mumewe bado yu hai na ana njaa. Loveness akacheka mbele ya mchungaji. Hakuna aliyemfariji kuliko babu.

Basi akapima, akapiga hesabu, akapaka mstari wake kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Ulimfika kifuani.

"Maji yatafika hapa, babu. Si kila mwaka, ila yatafika."

Mzee akamgeukia fundi wake, Castory. "Umemsikia mke wangu? Anataka kuoga bila kuinama. Dirisha lianzie hapo."

Na Castory, mtu mtiifu, akalianzishia hapo hapo. Likakaa vizuri, kusema kweli.

Loveness akarudi na ramani. Mzee akasema ile buluu ya maji inampendeza, amtafutie na shati la hivyo. Akamwonyesha picha za nyumba zilizobebwa na maji. Mzee akauliza fungate yao itakuwa kwenye ipi. Loveness akamwendea shangazi yake Salome, kule Makuyuni, amsaidie kusema.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Salome akamjibu. "Sisi tukisema anagomba. Wewe ukisema anacheka. Afadhali wewe."

Afadhali gani, jamani? Bibi Lea alikuwa hatembei tena. Hata kutoka kitandani hadi kitini alibebwa. Na Jumamosi walikuwa wanahamia mtoni. Loveness aliogopa, na kila alipoisema hofu yake, mzee alizidi kucheka.

Ijumaa akaenda nyumbani kwa babu. Kwa kawaida aliingia akiuliza kama kizee bado hakijafa. Siku hiyo alivua viatu mlangoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

Mzee Semboja akangoja utani. Haukuja. Akachungulia njiani, nyuma ya mjukuu wake.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Lakini mto ukija, bibi hawezi kukimbia, na wewe huwezi kumbeba. Kumwacha hutamwacha, nakujua. Mtafia humo wote wawili, na mimi ndiye niliyepima."

Mzee akayatazama yale magoti sakafuni. Akachukua simu, akampigia Castory, akamwambia kazi isimame, kuhama hakuna. Castory akauliza, na dirisha je? Mzee akakata simu.

"Marahaba," ndipo akaitikia. "Inuka, mama. Umefanya vyema. Umekula?"

Loveness alikuwa ameshinda, na moyo ulimuuma. Akajaribu utani wao. "Nile nini kwa mume bahili kama wewe?"

Mzee akatabasamu kwa adabu, akaagiza chai. Bibi Lea akauliza kutoka chumbani kuna nani.

"Mtaalamu wa maji," mzee akajibu.

Loveness akanywa chai yote, akashukuru. Babu akamsindikiza mpaka barabarani, kofia mkononi, akitembea hatua moja nyuma yake kama wasindikizwavyo wakubwa.