Amina ya Ngazini

Kioo cha dirisha la duka ni kama mama mkwe: humgusi kabla hujajipanga. Kinabebwa wima, watu wawili, na kwenye kona ya ngazi wa mbele lazima aachie kidogo abadilishe mkono. Kwa pumzi hiyo moja uzito wote uko kwa wa nyuma.

Ndiyo maana kwa miaka kumi na miwili Fundi alibeba na mtu mmoja tu, Mpagani. Jina alijipachika mwenyewe, akaliandika kwa rangi kwenye kofia ya kazi, wiki ile Fundi alipookoka na kuanza kuombea kila kioo.

"Wewe omba," alimwambia. "Mimi huko juu hawanijui. Lakini mzigo ukinikaa sawa nitasema amina. Usipoisikia, usiachie."

Ikawa hivyo. Wakifika kona, Fundi anasema, "Bwana atushike." Mpagani anatanua miguu, anakaza mikono, anaitikia, "Amina." Fundi anaachia. Hakikuvunjika hata kimoja, na Mpagani akawa anatamba kwamba hakuna mpagani mwingine anayelipwa kuitikia sala.

Halafu wazee wa kanisa wakamwita Fundi. Walitaka kumsimika ushemasi, ila kulikuwa na jambo.

"Yule mwenzako," mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa. "Miaka yote hii, wewe umemvuta kwetu, au yeye anakuvuta kwake?"

Fundi angeweza kusema kwamba mwanawe alipolazwa, Mpagani ndiye aliyekesha naye siku tatu. Hakusema. Ushemasi aliutaka.

Kesho yake alimkuta Mpagani amekalia ndoo ya gundi anakunywa chai, akamweleza.

"Kwa hiyo unanipa talaka," Mpagani akasema. "Shemeji anajua?"

"Anajua."

"Na amina atakuitikia nani?"

"Kanisa zima linaitikia, kaka."

"Linasema, ndiyo." Akamwaga chai iliyobaki. "Mimi nilikuwa nashika."

Nafasi yake akapewa Mpiga Kinanda wa kwaya, kijana wa watu, mpole, ana mgongo wa punda. Fundi alimfundisha kila kitu: kuvaa glavu, kuinua kwa magoti, kutotazama chini. Neno moja tu hakumfundisha. Aliona haya kumwambia ndugu katika Bwana kwamba amina yao ya kazini aliitunga mpagani.

Wiki ya pili, kona ya ghorofa ya kwanza, jasho likamwingia Mpiga Kinanda jichoni. Akavua glavu moja kwa meno ajifute. Fundi alikuwa mbele, kampa mgongo.

"Bwana atushike," Fundi akasema.

"Amina," kijana akaitikia, kwa moyo wake wote.

Fundi akaachia.

Hospitalini wakaambiwa mishipa ya vidole vitatu imekatika na kukunjika havitakunjika tena. Mpiga Kinanda alikuwa anautazama mkono uliofungwa kama vile ni wa mtu mwingine.

"Fundi, nilikosea wapi? Ulisema Bwana atushike, nikasema amina."

"Hukukosea."

"Sasa ilikuwaje?"

"Niliteleza," Fundi akasema.

Nje getini alimkuta Mpagani. Habari mbaya haikosi miguu.

"Ulikuwa umemwambia amina kwetu ni nini?"

"Hapana."

"Na leo umemwambia?"

"Nimemwambia niliteleza."

"Mwambie," Mpagani akasema. "Nilidhani uongo mmekatazwa nyie, siyo mimi."

"Rudi kazini, kaka."

"Nirudi. Halafu wazee wakikuita tena utaniweka wapi, stoo?" Hakucheka. Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Jumapili walimsimika. Kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa, wakaimba hivyo hivyo bila muziki, kila mtu na sauti yake. Fundi akapiga magoti. Mzee akamwekea mkono kichwani.

"Bwana amshike mtumishi wake huyu, mtu mkweli."

"Amina," kanisa zima likaitikia, na iliyosikika kuliko zote ilitoka benchi la mbele, kwa kijana mwenye bandeji.

Fundi akabaki pale chini, magoti yanamuuma. Alikuwa bado hajamwambia.