Kibarua cha Kupiga Kelele

Katika kijiji kizima cha Kichiwa, mtu wa mwisho ambaye ungemtafuta akupigie kelele ni Emilia. Msichana yule alikuwa na sauti ya mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye jana. Tangu mama yake azikwe, mara baada ya vita vya Hitla, alikuwa akipunguza maneno kidogo kidogo, mpaka yakabaki yale machache yaliyomtosha nyumbani kwa mjomba wake: ndiyo, hapana, na nimemaliza. Hakuna aliyemkataza kusema. Ila nyumba ilijaa watoto wenye mama yao, kila mmoja na habari zake za siku, na zamu ya Emilia ilipofika watu walikuwa wameshajifunika mablanketi.

Simsingizii mjomba wake. Yoeli hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezidiwa tu. Jioni moja alimwita Emilia pembeni, akakohoa kama anayetaka kusoma somo kanisani.

"Mwanangu, mwaka ujao ukifaulu kwenda shule ya kati, ada ninayo ya mtoto mmoja, na huyo ni Sila. Wewe ukijipatia yako, nenda na baraka zangu. Usipojipatia, shangazi yako kule Makete anataka mtu wa kumsaidia kazi."

Emilia alisema ndiyo. Usiku hakulala. Makete hakupajua, na huyo shangazi hakumjua, lakini si hilo lililomuuma zaidi. Shuleni ndipo mahali pekee alipoitwa jina lake kila asubuhi, hata kama ni mwalimu tu anaita mahudhurio. Alifikiri kwamba akitoka pale hakuna mtu atakayelitamka tena.

Ng'ambo ya barabara ya Njombe kulikuwa na setla aliyelima ngano, na mwaka ule ngano ilipoanza kukomaa, ndege walipata habari kabla ya watu. Nyapara wa shamba, Odilo, akatangaza kibarua cha nusu siku: watoto wakitoka shule waje kufukuza ndege mpaka jua litue, na Jumamosi kutwa nzima. Mshahara ungetolewa ngano ikishavunwa. Atakayeacha katikati, au kuachishwa, asidai kitu.

Odilo alikuwa na mguu mbovu, na shamba lilipanda na kushuka. Kwa hiyo hakuzunguka kukagua. Alikaa juu kilimani mlangoni pa ghala, amejifunga blanketi, akasikiliza. Vibarua wake aliwajua kwa masikio. Kila dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, lilikuwa na mtoto wake na kila mtoto na mlio wake, na dungu likinyamaza muda wa kumenya viazi viwili, mwenye dungu hilo ameshaachishwa bila kujua.

Ndiyo maana aliwapima kwa kelele. Kila mtoto alisimama juu ya kichuguu akapayuka, naye Odilo akasimama mbali mkono sikioni. Wavulana walinguruma, wakasifiwa. Emilia alipopanda, alifumbua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kama mlango unaohitaji mafuta. Watoto walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Wewe," Odilo alisema, "ndege watakuomba uwaimbie tena." Lakini vibarua walikuwa hawatoshi. Akampa dungu la chini kabisa, karibu na bonde lenye tope, mahali palipokaa ukungu mpaka adhuhuri, ambapo hakuna mwingine aliyepataka.

Siku ya kwanza Emilia alisimama juu ya ile miti iliyofungwa kamba, baridi ya Julai inampenya, akasema shoo, shoo. Ndege walitua wakala. Jioni Odilo alimsubiri njiani.

"Kesho nisipokusikia, keshokutwa usije."

Kesho yake alipanda dungu. Alikuwa anajaribu tena shoo yake ya kuomba chumvi, mara sauti ikaja kutoka upande wa pili wa bonde, sauti nene ya mwanamke mzee, na Kibena chake kilikuwa na kona za Kikinga.

"We mtoto wa dunguni! Unafukuza ndege au unawabembeleza?"

Kwenye mteremko ule mwingine kulikuwa na shamba dogo la ulezi, na katikati yake mtu aliyejifunika blanketi, mdogo kama kidole gumba kwa jinsi alivyokuwa mbali. Hakumngoja Emilia ajibu. Aligeukia ndege wake mwenyewe.

"Tokeni hapa! Nendeni bomani Njombe mkale kwa Bwana Shauri! Mimi mjane, mnataka nini kwangu?"

Emilia alicheka. Kicheko kilimshtua, akatazama nyuma kama kilitoka kwa mtu mwingine.

"Sema basi hata jina lako!" yule mzee akapaza.

Emilia akavuta pumzi, akafumba macho, akalitupa jina lake upande wa pili. "Emilia!" Bonde likalipokea na kulirudisha, na ndege wakainuka kwenye ngano kundi zima. Mama yake alikuwa akimwita hivyo jioni kutoka mtoni, kwa sauti ileile ya kuvutavuta. Msichana akakaa chini juu ya dungu akalia kidogo, halafu akasimama kwa sababu ndege walikuwa wanarudi.

Yule mzee aliitwa Bibi Anyisile. Alizaliwa Makete, akaolewa Kichiwa, akazika mume, na mwanawe Gideoni alikuwa Makambako akifanya kazi ya barabara. Haya yote Emilia aliyapata kwa kupigiwa kelele. Basi ikawa hivyo kila alasiri: neno huku, neno kule, na ndege hawakupata pa kutua. Bibi aliuliza wamekula nini kwa mjomba, Emilia akapaza kwamba ni ugali na mboga ya maboga. Aliuliza shuleni wamefundishwa nini, Emilia akampigia hesabu za kugawanya kwa sauti ya kuvunja miti. Siku moja aliulizwa kama anamkumbuka mama yake, akajibu ndiyo kwa nguvu zote, na kulipaza jambo lile kulikuwa kwepesi kuliko kulinong'ona. Juu ghalani Odilo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake yeye zote zilikuwa kelele tu.

Emilia sasa alitoka shuleni mbio kila siku. Siku ya mvua, kazi ilipoahirishwa, aliona kama amenyang'anywa kitu.

"Bibi, nije huko siku moja?" alipaza.

"Uje, kazi umwachie nani? Kaa hukohuko! Ngano ikishavunwa utakuja tule ugali wa ulezi, nikuone sura!"

Maana sura hawakuonana. Emilia alijua blanketi la kahawia na mkono ulioinuliwa, basi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Jumanne wavunaji wangeingia. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile, na Emilia aliamkia kumwita bibi kabla hata ya ndege. Hakujibiwa. Akasema moyoni ukungu umemeza sauti. Ukungu ulipoinuka aliona shamba la ulezi limejaa ndege, wametulia wanakula kama wamealikwa. Mlango wa nyumba ya bibi ulikuwa umefungwa, na paani hapakufuka moshi.

"Bibi Anyisile!"

Ndege wa ulezi hawakuinua hata vichwa.

Alishuka dungu. Mguu mmoja ukakanyaga chini. Kuteremka bondeni, kuvuka tope na kupanda ng'ambo ni kazi ya muda, na kurudi ni muda mwingine, na kule juu mtu mwenye mguu mbovu alikuwa amekaa na masikio yake. Siku zilikuwa zimebaki chache mno. Akajiambia bibi amekwenda kanisani, kuna harusi. Akajiambia amekwenda kwa mwanawe. Nyuma yake ndege walishuka kwenye ngano, akasikia mbawa zao, na mguu ukarudi juu.

Akaita kutoka pale pale. Aliita jina la bibi, akalivuta, akalikata, akalipandisha. Alimwambia ndege wanamaliza ulezi. Alimtania, alimbembeleza, mwisho alimkasirikia. Aliita tangu asubuhi mpaka jua likaegemea, bila kupumzika hata kula kiazi chake, akiogopa kwamba dakika atakayonyamaza ndiyo bibi atatoka nje amkose.

Jioni Odilo alishuka mwenyewe, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, akichechemea na fimbo.

"Leo umenitoboa masikio," alisema, na alikuwa anatabasamu. "Nimefanya kazi hii miaka, sijapata mpiga kelele kama wewe. Ngano ikishavunwa utapewa chako chote, na mwakani nafasi ni yako, dungu la juu."

Ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo. Emilia alisema ndiyo, akateremka bondeni mbio.

Alimkuta mwanamke jirani, Mama Fidelia, anafunga mlango wa bibi kwa kamba.

"Kamwene, mama. Bibi yuko wapi?"

"Wamempeleka Makambako kwa mwanawe, kwa machela, kwa njia ya nyuma, sasa hivi tu. Alianguka alfajiri hapo jikoni. Upande mmoja wa mwili umekufa. Isingekuwa mbuzi wangu kukata kamba akaja huku nikamfuata, tungemkuta amekwisha."

"Hakuita mtu?"

"Ameita sana. Mdomo umepinda, lakini nimemwelewa, anasema aliita tangu asubuhi. Mimi nilikuwa hapo chini tu nalima. Ningesikia nini? Kuna mtoto mmoja kule kwenye ngano ya setla, leo amepiga kelele kutwa, hata ng'ombe wako akilia husikii."

Emilia akasema ndiyo.

Ile Jumatatu alifanya kazi bila kumwangalia mtu. Alipaza mara moja, akanyamaza akasikiliza. Akapaza tena, akanyamaza. Odilo alituma mtu kuuliza kuna nini, naye akajibu koo linauma. Ndege walimaliza ulezi wa upande wa pili mbele ya macho yake. Ngano ilivunwa, akalipwa, akamkabidhi mjomba ada, na Yoeli alifurahi kweli, akamwita mbele ya watoto wote akamsifu. Usiku ule kila mtu alitaka kumsikia akisimulia. Yeye akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa, akaondoka kabla ya jua akifuata barabara. Malori yalimpita yakimfunika vumbi. Alifika Makambako miguu imevimba, akauliza nyumba ya Gideoni wa barabara, akaonyeshwa nyuma ya mahali mabasi yanaposimama.

Mke wa Gideoni, Jeni, alimkaribisha ndani. Bibi alilala kitandani, kichwa kimeinuliwa kwa nguo zilizokunjwa. Alikuwa mdogo kuliko Emilia alivyowaza, na uso wake ulikuwa na chale ndogo kwenye shavu ambazo hakuna kelele iliyowahi kuzieleza. Emilia alipiga magoti.

"Kamwene, bibi."

Bibi alimpa mkono mzima, kwa adabu, kama anavyopewa mtoto wa mgeni. Macho yake yakampitia yakaenda dirishani.

"Ni mimi, Emilia."

Macho hayakurudi.

"Hatambui watu," Jeni alisema kwa upole. "Sauti ilikatika njiani, na hata mume wangu siku nyingine hamtambui. Usihuzunike."

Emilia alihuzunika, na zaidi ya huzuni aliona aibu, kwa sababu alielewa. Mtu huyu hajawahi kumwona. Sauti hii ndogo ya kuuguza wagonjwa hajawahi kuisikia. Akainuka, akatoka uani, akapita kamba ya nguo, akapita jaa, akasimama kando ya barabara ambako watu walikuwa wakipandisha mizigo juu ya basi. Akaugeukia mlango, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Bibi Anyisile! Unafukuza ndege au unawabembeleza?"

Mizigo ilisimama juu ya vichwa. Mtu mmoja akauliza huyu wa nani, ana wazimu? Emilia alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alipoingia, kichwa cha bibi kilikuwa kimegeukia mlangoni na mkono mzima ulikuwa hewani, juu, vile vile ulivyoinuliwa kwenye ulezi. Jeni amesimama ukutani, mkono mdomoni. Emilia akaushika ule mkono. Macho yakatulia juu yake na safari hii hayakuondoka. Yalimwangalia paji la uso, pua, kidevu, taratibu, kama mtu anayelipwa kitu alichoahidiwa.

Halafu mdomo uliopinda ukaanza kusema. Ulisema mengi, bila kupumzika, na hakukutoka hata sauti moja. Emilia aliinama, akainama tena, mpaka sikio likagusa midomo. Palikuwa na pumzi tu, yenye joto.

"Anasema nini?" Jeni akauliza.

"Sijasikia," Emilia alisema, na hakuondoa sikio lake.