Kichwa cha Treni Kilichonyamaza

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, nawatangazia wananchi wote wa Karagwe na Kyerwa, kuanzia Chonyonyo hadi Bugomora, kwamba reli ya Tanga imefika kwetu. Wenye mikungu ya ndizi na magunia ya buni waanze kupanga foleni.

Foleni iwe fupi lakini, maana reli yenyewe ina urefu wa mita tatu na nusu, iko juu ya meza nyuma ya duka la babu yangu, na behewa lake kubwa linabeba punje nne za buni. Nimepima.

Babu Seif alizaliwa Tanga, mtoto wa fundi wa reli. Amekaa Karagwe miaka arobaini na tano akiuza vitenge na majembe, na katika mali zote za marehemu kaka yake aliomba kitu kimoja tu: treni hii ya kuchezea ya umeme. Kila alasiri baada ya swala huketi, huzungusha kitufe, na treni huondoka kwenye kopo liitwalo Tanga kwenda kwenye kopo liitwalo Karagwe. "Abiria wa Korogwe, shukeni!" husema, kisha husubiri kidogo ili washuke. Kwa nusu saa hiyo Babu huwa na miaka tisa. Mimi, Mwaja, nina kumi na sita na nasoma shule ya bweni, kwa hiyo humtazama kwa uvumilivu wa mtu mzima.

Tatizo ni kelele. Likizo hii dada yangu Nasreen yuko nyumbani na mwanawe Luqman, siku ya kumi na tano ndani ya arobaini ya uzazi, na chumba chake kimepakana na meza ya treni. Kichwa cha treni kikianza safari, ukuta unanguruma kama mashine ya kusaga. Luqman naye hujibu.

Jumatatu Bibi alitoka chumbani na mtoto begani, akamkabili Babu. "Baba Muhammad, nakupa mpaka Ijumaa. Baada ya swala nitaketi hapa hapa na mtoto kalala. Akiamka, kidude hiki kinakwenda Nyabiyonza kwa Mzee Ndyamukama."

Mzee Ndyamukama, mfugaji na rafiki wa Babu, ndiye hutuletea maziwa. Alikuwa pale pale, na hakuficha furaha.

"Wajukuu zangu watakitunza," alisema.

"Wewe mzee wa ng'ombe, reli utaitandika wapi? Mgongoni mwa fahali?"

"Fahali wangu hajawahi kumwamsha mtoto wa mtu, Mswahili wewe."

Babu alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kichwa cha treni kama mtu anayeshika kifaranga. Hapo hapo nikajiteua kuwa Mhandisi Mkuu wa Shirika la Reli.

Jumanne nilifanya uchunguzi wa kisayansi. Nilikiinua kichwa cha treni mkononi kikiwa kimeunganishwa na nyaya: kilivuma tu, kama nyuki mmoja. Nikakirudisha relini: ngurumo. Kumbe mtetemo ulipita kwenye reli, ukashuka kwenye misumari, ukaingia kwenye mbao, na meza nzima ikawa ngoma. Nikang'oa misumari yote na kutandika chini ya reli majani makavu ya mgomba, kama tunavyotandika chini ya kila kitu hapa kwetu. Ngurumo ikaisha. Badala yake ikaja sauti ya ng'ombe anayetembea ndani ya shamba la migomba. Nikayatoa, nikakata vipande vya sponji kutoka godoro langu la shule, nikatandika hivyo. Afadhali kubwa. Sasa ilibaki sauti ya gia tu, zikisagana kwa ukavu.

"Samli," alisema Mzee Ndyamukama Jumatano. "Kwetu kila kinacholia kwa ukavu hupakwa samli. Ngozi, kamba, hata magoti yangu."

Babu, ambaye kwa siku mbili alikuwa hajala vizuri, alikubali kabla sijatoa tamko la kitaalamu. Mchana treni ilikwenda kimya na ikanukia pilau. Babu alinikumbatia. Alhamisi asubuhi, kwa baridi yetu hii, samli ilikuwa imeganda kwenye gia na sisimizi walikuwa wamepanda mabehewa yote, daraja la kwanza mpaka la tatu. Kitufe kilipozungushwa, mota ilipiga yowe. Luqman akapiga lake.

"Kesho," Bibi aliita kutoka chumbani.

Jioni Babu aliniuliza polepole, "Mwaja, hivi Nyabiyonza umeme unafika kila mahali? Isije ikakaa tu kabatini." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi iko mikononi mwangu.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, niliisafisha mota kwa mafuta ya taa, nikaweka tone la mafuta ya cherehani. Sitaeleza sasa kilichotokea. Itoshe kusema kwamba baada ya swala kila kitu kilikuwa tayari.

Bibi aliketi na Luqman aliyelala. Nasreen alichungulia mlangoni. Mzee Ndyamukama alikuja na kikapu kitupu, eti kwa bahati tu. Mimi nilisimama kwa adabu nyuma ya kopo la Karagwe, mikono ndani ya mtandio.

Babu alizungusha kitufe. Treni ikaondoka Tanga.

Kimya. Kimya kabisa. Luqman alipumua. Babu aliongeza mwendo, nayo ikaongeza. Alipunguza, ikapunguza. Macho yake yalilowa. "Abiria wa Korogwe," alinong'ona, "shukeni taratibu, kuna mtoto kalala." Hata Bibi alitabasamu.

Mzee Ndyamukama alikuwa ameinama, jicho usawa wa reli.

"Huyu hatembei," alisema. "Mnyama anayetembea mwenyewe huanza na miguu. Huyu anatanguliza shingo, kama ndama anayevutwa kamba."

Kidole chake kikagusa chini ya tumbo la kichwa cha treni, kikafuata uzi mweusi wa cherehani, kikapita nyuma ya kopo, kikaishia kwenye mtandio wangu.

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba. Fungua mkono."

Babu Seif alikifunua kichwa cha treni. Ndani hamkuwa na mota. Alinitazama, na ningependa zaidi anipige.

"Babu, nilikuwa naifunga mota uani," nilisema, "springi ndogo inayokandamiza kaboni ya kupitishia umeme ikaruka. Bila hiyo haiwaki. Sikutaka uondokewe na treni, basi nikaitoa mota ili magurudumu yazunguke, nikavuta."

"Springi iko wapi?"

"Iko ndani ya tetea mwekundu."

"Yule wa kuchinjwa siku ya arobaini?" Nasreen alisema kutoka mlangoni.

"Achinjwe sasa hivi!" Babu akasema.

"Haguswi mpaka siku yake," Bibi alisema, bila kupandisha sauti, akimpapasa Luqman mgongoni. "Na treni isiyo na mota haiamshi mtoto. Mzee wangu, rudi na kikapu chako."

Mzee Ndyamukama alicheka mpaka akaketi. Babu alisogeza kopo, akauchukua uzi, akauvuta kidogo kwa kidole, akauvuta tena.

"Mwaja," Bibi alisema, "tetea alikuwahi kuifikia springi?"

Nilitaka kusema ndiyo.

"Hapana, Bibi. Nilimwona akiijia. Nafasi ya kumfukuza nilikuwa nayo. Ila alivyokuwa akiidonoa, ikimruka usoni na yeye anarudi nyuma kwa hasira, nilikuwa nacheka."